SOMO: Kulala kwenye ryokan ya maji moto Japani, hatua kwa hatua

Wakuu, wageni wengi wanaokwenda Japani hutenga usiku mmoja wa ryokan, zile hoteli za kijapani za mikeka na maji ya chemchemi ya moto. Halafu wanafika saa mbili usiku wakiwa hoi, muda wa chakula umepita, wanaoga mara moja, wanalala, na asubuhi wanalalamikia bei. Bei ile ni ya saa zote kuanzia alasiri mpaka kesho yake asubuhi. Ukizichezea, umeliwa.

1. Chagua mji mmoja, utulie hapo

Kama safari yako ni ya Tokyo tu, nenda Hakone. Treni ya Romancecar kutoka stesheni ya Shinjuku hukufikisha Hakone-Yumoto kwa takriban dakika 85. Kama unapita Kyoto, mimi nakupeleka Kinosaki, upande wa Bahari ya Japani, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa treni. Pale kuna mabafu saba ya mji, na anayelala kwenye ryokan za pale hupewa pasi ya kuingia yote bila kulipa. Jioni mji mzima unatembea barabarani na yukata, lile vazi jepesi la pamba, na viatu vya mbao vinagonga lami. Kwa mgeni wa mara ya kwanza sioni mahali pazuri zaidi.

Kusatsu, mkoani Gunma, ni kwa waliozoea. Maji yake ni makali kama siki, pH karibu 2, na kidonda kidogo tu kitakukumbusha kuwa kipo. Wapenda historia watavutiwa na Nishiyama Onsen Keiunkan kule Yamanashi, iliyoanza mwaka 705 na kutambuliwa na Guinness kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani.

Kagua pia kama maji ni ya chemchemi kweli. Sheria ya Japani ya mwaka 1948 inataka maji yatoke ardhini yakiwa na nyuzi 25 au zaidi, ama yawe na kiwango kilichowekwa cha madini yaliyoorodheshwa. Tafuta maneno *gensen kakenagashi*: maana yake maji yanaingia kutoka kwenye chanzo na kumwagika, hayazungushwi na pampu kurudi tena.

2. Kuweka nafasi

Hapa ndipo wengi wanapopigwa na butwaa: bei huandikwa kwa kichwa, si kwa chumba. Mkiwa wawili, zidisha. Ryokan ya kati mara nyingi ni yeni 15,000 hadi 30,000 kwa mtu, chakula cha jioni na cha asubuhi kikiwa ndani. Kuna na kodi ndogo ya kuoga, kwa kawaida yeni 150. Jumamosi na sikukuu bei hupanda, na mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei Wajapani wenyewe wako likizo, nafasi hakuna.

Mambo ya chakula yaseme siku hiyohiyo unayoweka nafasi. Ukifika mezani ndipo uanze kusema huli nguruwe, umechelewa, maana jikoni walishanunua vitu vyako. Waislamu wataje pia mirin na sake, ambazo ni pombe na huingia kwenye michuzi mingi. Wasiokula nyama wajue kuwa hata supu ya mboga mara nyingi imeanza na samaki mkavu.

3. Kufika

Kupokea wageni huanza 15:00, ndiyo saa tisa alasiri yetu. Fika saa hiyo. Begi kubwa litume mbele kwa huduma ya mizigo, ubaki na begi la mgongoni.

Viatu unavua mlangoni na kupewa ndala. Ndala nazo unazivua kabla ya kukanyaga mkeka wa chumbani. Chooni kuna ndala zake, na kutoka nazo mpaka ukumbini ni kichekesho cha kila siku. Utakuta chai na kitu kitamu mezani. Kula, kwa sababu kuingia maji moto na tumbo tupu huleta kizunguzungu. Kisha vaa yukata, upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo wanavyovishwa maiti, na mhudumu atakukimbilia kukurekebisha.

4. Bafu lenyewe

Mlangoni kuna pazia. 男 ni wanaume, 女 ni wanawake. Kariri herufi, rangi usiitegemee. Na usizoee mlango, kwani ryokan nyingi hubadilishana pande usiku au alfajiri. Ulikoingia jana leo huenda kuna kina mama.

Ndani unavua kila kitu, unaweka kwenye kikapu. Nguo za kuogelea haziruhusiwi. Vua pete na mikufu ya fedha, salfa huigeuza myeusi. Chukua kitaulo kidogo tu.

Unaoga kwanza. Kaa kwenye kigoda mbele ya bomba, jisugue kwa sabuni kuanzia kichwani, jisuuze mpaka povu liishe kabisa. Usisimame, utawarushia jirani maji. Usafi unaishia hapo kwenye kigoda. Dimbwi ni la kupumzika, na maji yale ni ya wote. Anayeruka hatua hii ndiye anayewafanya wenyeji wanyanyuke mmoja mmoja.

Jimwagie maji ya dimbwini miguuni, kisha mabegani, mwili uzoee. Ingia polepole. Joto mara nyingi ni nyuzi 40 hadi 42, na dakika mbili za kwanza utataka kutoka. Vumilia kidogo, litapita. Kitaulo kiweke kichwani, kisiguse maji. Hakuna kupiga mbizi, hakuna simu. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Toka, kaa pembeni upate upepo, rudi tena. Ukisikia moyo unadunda masikioni, imetosha.

Jifute kabla ya kukanyaga chumba cha nguo, na kunywa maji.

Ratiba ya wenyeji ni mara tatu: kabla ya chakula cha jioni, kabla ya kulala, na alfajiri. Ya alfajiri, kwenye dimbwi la nje, usiikose hata kama baridi inauma.

5. Jioni na asubuhi

Chakula huja kidogokidogo kwa saa ambayo uliulizwa ulipofika. Usichelewe. Mkiwa mezani, wahudumu hutandika magodoro chumbani. Bakshishi si desturi. Saa nne asubuhi uwe umeondoka.

MASWALI YA WANACHAMA

Somo zuri mkuu. Sisi wa Mombasa, suala la kukaa uchi mbele za watu halikubaliki kwetu. Tufanyeje?

Ndugu yangu, omba bafu la kukodi, *kashikiri*. Unafunga mlango ndani, kwa kawaida dakika 45 au saa nzima, peke yako au na mkeo. Ukiwa na uwezo, chukua chumba chenye dimbwi lake barazani.

Mimi nina tatuu begani. Na dada yangu hupaka hina na piko, je?

Sehemu nyingi bado zinakataa tatuu, kwa kuwa zinahusishwa na magenge ya yakuza. Mabafu saba ya Kinosaki huziruhusu. Hina ni jambo jingine, ila mhudumu asiyeijua anaweza kuidhania tatuu. Dada aulize mapema au achukue bafu la kukodi.

Nimesuka rasta ndefu. Nitaziharibu?

Zifunge juu, vaa kofia ya kuogea. Nywele ndani ya dimbwi ni mwiko kwa kila mtu. Zikilowa maji ya salfa zitanuka mayai siku kadhaa.

Mke wangu ni mjamzito, nami nina presha.

Mwaka 2014 Wizara ya Mazingira ya Japani iliondoa ujauzito kwenye orodha ya waliokatazwa kuoga. Hata hivyo amwone daktari wake kwanza, na sakafu zile zinateleza. Wewe na presha yako, daktari pia, na usiingie baada ya pombe wala usitoke ghafla majini.

Si twende tu Bogoria, yapo maji moto hapa nyumbani Kenya?

Nenda ukaone, ila usiingize mguu! Maji yale yanachemka, watu huchemshia mayai. Kitagata kule Uganda ndiko watu huoga.

Watoto je?

Wa nepi hawaingii dimbwi la wote. Kuanzia miaka 7 sehemu nyingi hutaka mtoto aoge upande wa jinsia yake. Ryokan nyingine hazipokei watoto wadogo kabisa, kwa hiyo taja umri wao unapoweka nafasi, na uulize kama bafu la familia hulipiwa kando.