Kugawana Kazi za Nyumbani Pale Wanandoa Wanapotofautiana Kuhusu Usafi

Wanandoa wengi huanza kwa kuulizana nani afanye kazi ipi, ilhali kinachowagombanisha mara nyingi ni kipimo cha usafi. Mke anaambiwa jiko limeshasafishwa, lakini akiingia anakuta masufuria yameoshwa huku sinki limejaa mabaki ya ugali na kitambaa kimeachwa kimelowa juu ya meza. Yeye anamwona mwenzake mzembe, naye mume, ambaye kwa hesabu yake kazi imekwisha, anaona hathaminiwi. (Wapo pia wanaume wasiopata usingizi mpaka viatu vyote vipangwe mlangoni.) Basi elewaneni kwanza kuhusu kipimo.

Chagueni siku ambayo hakuna aliyekasirika, mpite chumba kwa chumba, mkitenganisha mambo ya afya na mambo ya mapendeleo. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje ya friji zaidi ya saa 2, hasa penye joto kama la Dar es Salaam au Mombasa. Vivyo hivyo, mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga mayai kwenye vyombo vya maji, na kiluwiluwi anaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo, nyumba inayohifadhi maji kwenye ndoo na mapipa kwa sababu ya mgao haina budi kuvifunika vizuri, kuvimwaga na kuvisugua kila wiki. Hayo hayana mjadala. Mito ya sofa, kitanda kisichotandikwa na kile kiti kinachobeba nguo zilizovaliwa mara moja ni mapendeleo, na hapo kila mmoja hana budi kulegeza kidogo.

Kisha kubalianeni kila kazi inaishia wapi. Kufua hakuishii kwenye kamba, bali nguo zikishaanuliwa, kukunjwa na kuingia kabatini. Kuosha vyombo ni pamoja na kufuta jiko, na kama mmoja wenu hawezi kuvumilia vyombo vilale, semeni wazi kwamba vioshwe kabla ya kulala.

Mwenye kazi awe nayo yote, pamoja na kukumbuka kwamba sabuni inakaribia kwisha, kwa kuwa anayesubiri kutumwa amemwachia mwenzake mzigo wa kufikiri. Mwenzake naye asiirudie. Kuna ujumbe mzito katika kudeki upya sakafu ambayo mtu ameidekia dakika kumi zilizopita, na aliyeupokea mara kadhaa huacha kudeki kabisa. Ni halali kabisa kusema, «Mama Neema, vyombo ni vyangu, niachie,» mradi vyombo vioshwe kweli.

Anayependa usafi zaidi achukue zile kazi ambazo zikifanywa nusunusu humkera, na mwenzake achukue zile ambazo matokeo yake hayana ubishi: kwenda sokoni, kujaza gesi, kuchota maji, kutoa taka, kupiga pasi sare za watoto. Pimeni kwa muda, si kwa idadi ya kazi, maana kutoa taka na kupika chakula cha jioni havilingani. Anayejitetea kwamba yeye huleta pesa akumbuke kwamba Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kazi za nyumbani kuwa mchango katika upatikanaji wa mali ya wanandoa, na sheria ya Kenya ya mwaka 2013 kuhusu mali ya ndoa inazitaja waziwazi.

Kuajiri dada wa kazi hakumalizi tofauti hii. Kama hamjaelewana, ni yeye atakayepokea maagizo mawili yanayopingana.

Baada ya mwezi mmoja kaeni tena, mbadilishane kazi zilizowachosha, na mpange upya kila ratiba ya nyumba inapobadilika: mmoja akipangiwa zamu za usiku, mtoto akizaliwa, au Ramadhani ikiingia na jiko kuhamia alasiri na alfajiri.