Kufundisha Misri ya Kale kwa Gemu: Kompyuta Moja, Dakika 80

Discovery Tour: Ancient Egypt, iliyotolewa na Ubisoft mwaka 2018, ni gemu isiyo na mapigano wala mshindi. Mwanafunzi anatembea katika Misri ya siku za Kleopatra, kuanzia Alexandria hadi mapiramidi ya Giza, akifuata ziara zenye vituo. Kila kituo kina maelezo mafupi ya sauti, na mara nyingi picha ya kitu halisi kilichohifadhiwa makumbusho. Ni chombo kizuri mno kwa wanafunzi wa sekondari, mradi kazi ya kufundisha ibaki kwa mwalimu. Ukiiwasha na kukaa pembeni, kipindi kitaisha na darasa litakumbuka ngamia tu.

Nunua toleo linalouzwa peke yake kwa kompyuta. Ziara hizi zimo pia ndani ya Assassin's Creed Origins, lakini ile ni gemu ya watu wazima, na kubofya pasipo mahali pake kunalipeleka darasa kwenye umwagaji damu.

Kompyuta iwe na RAM ya GB 6 au zaidi na kadi ya grafiki yake yenyewe ya GB 2. Laptop nyingi za ofisini hazina kadi hiyo, ndiyo maana picha hukwamakwama. Faili ni kubwa, basi lipakue siku kadhaa kabla, uingie kwenye akaunti ya Ubisoft na kuendesha ziara mara moja ukiwa bado na intaneti. Usipofanya hivyo, gemu inaweza kudai masasisho darasa likiwa limeshakaa. Tafuta projekta, na spika za nje kwa kuwa za laptop hazifiki viti vya nyuma. Kiswahili hakimo katika lugha zake, kwa hiyo sikiliza ziara nzima nyumbani, andika maneno 10 hadi 15 magumu, na uyafundishe kabla ya kuwasha chochote.

Kwa vipindi viwili mfululizo, tumia dakika 15 bila kompyuta, 20 kwenye gemu, na 45 kwa kazi ya madaftari. Ziara moja inatosha. Mbili ni nyingi, maana ziara hazilingani urefu na nyingine zinaweza kumaliza dakika 20 zote. Chagua nahodha mmoja wa kushika kipanya na umbadilishe kila kituo. Anza na asiyewahi kucheza gemu. Mzoefu hukimbia mbele, akapanda ukuta wakati wenzake wanasoma. Waliobaki wakae vikundi vya watano, kila kikundi na swali lake. Mwisho wa kila kituo simamisha gemu, uulize: tumeona nini, na waundaji wa gemu wamejuaje?

Hisabati ndiyo inayofaidika kuliko wengi wanavyodhani. Baada ya ziara ya piramidi la Khufu, yaani piramidi kuu la Giza, zima projekta. Kila mwanafunzi apime dhiraa yake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kisha ailinganishe na dhiraa ya kifalme ya Misri, yenye sentimita 52.4 hivi. Piramidi lilipangwa dhiraa 440 kila upande wa kitako na dhiraa 280 kwenda juu. Wabadilishe kuwa mita: 231 na 147 kwa makadirio. Mwinuko wa ubavu unatokana na 280 kugawanya kwa 220 (nusu ya kitako), yaani tanjenti ya nyuzi 51.8. Kosa la kawaida ni kugawanya kwa 440. Chora pembetatu ya nusu piramidi ubaoni kabla hawajaanza. Ujazo unakuwa takriban mita za ujazo milioni 2.6. Halafu wape mawe milioni 2.3, idadi inayokadiriwa mara nyingi, na miaka 20 ya ujenzi. Yanatoka mawe 315 kwa siku, karibu moja kila dakika mbili kwa siku ya kazi ya saa 10. Hapo vijana huanza wenyewe kubishana kuhusu nguvu kazi na chakula chao, na historia imerudi mezani.

Lakini wasipime urefu au umbali kwenye skrini. Waundaji waliifinya Misri ili itembeleke, hivyo umbali kati ya miji si wa kweli.

Kwenye jiografia, sahihisha mapema dhana kwamba mafuriko ya Nile yaliletwa na Ziwa Victoria. Ziwa hilo huchangia maji yanayotiririka mwaka mzima. Mafuriko yalitokana na mvua za nyanda za juu za Ethiopia kupitia Nile ya Buluu. Bwawa kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, ndilo lililoyazuia.

Usikose somo la ushahidi. Gemu inaonyesha wasichana wakisoma shuleni pamoja na wavulana, na waundaji wenyewe wanakiri ndani ya ziara kwamba huo ni uamuzi wao na si historia. Ndani ya piramidi kuu wameweka vyumba vinavyotokana na nadharia ya msanifu majengo Mfaransa Jean-Pierre Houdin, ambayo haijathibitishwa. Mwanafunzi asiyeambiwa haya ataamini vyote kwa usawa, kwa sababu vyote vimechorwa kwa uzuri uleule.

Kwa kazi ya nyumbani, kila mmoja achague kitu kimoja alichokiona na kukiweka katika fungu moja: ushahidi, kisio au ubunifu. Alama 2 ni za kukieleza kitu, 4 za chanzo alichokitafuta nje ya gemu, na 4 za hoja. Anayesema “nimekiona kwenye gemu” hajataja chanzo.