Umeshalipa likizo na bado wanakudai? Hivi ndivyo unapinga hilo deni hapa Nairobi

Hii naandikia mtu ambaye alilipa likizo yake yote, akaenda, akarudi, na sasa kampuni iliyompeleka haiachi kumtumia meseji za "kumbuka una balansi". Nimetoka kwa hiyo shida juzi. Ilikuwa safari ya Diani na watoto na mama yangu, tulilipa polepole kwa M-Pesa mpaka ikaisha, na pesa waliyokuwa wananidai ilikuwa imeshaingia kwao hata kabla hatujapanda treni pale Syokimau. Kampuni siitaji, ziko nyingi zinafanya hivi na njia ya kujitoa ni ile ile.

Kwanza acha kubishana kwa simu. Yule anayekupigia ni mtu wa kukusanya madeni, anasoma kile kiko kwa skrini na hana ruhusa ya kubadilisha kitu, so hata ukieleza vizuri namna gani kesho atapiga mwingine ambaye hajui mlichoongea na unaanza upya kabisa. Huko ndiko walinimalizia muda na airtime. Wakipiga sema hivi tu, "Hilo deni napinga, nitumieni kwa imeli hesabu yote ya buking yangu," uandike jina la aliyepiga na saa, halafu ukate kwa heshima. Na usilipe hata bob ili wakuache. Mimi niliambiwa "Madam, weka hata 2,000 tuone uko na nia," na hiyo 2,000 ukishaituma ndiyo watakuja kukuonyesha kwamba ulikubali deni ni lako.

Sasa ushahidi. Skrinshoti za meseji za M-Pesa ni mwanzo tu, maana matapeli wameshatengeneza za uongo nyingi na wahasibu hawaziamini. Chukua stetimenti yenyewe, piga *334# ama uitoe kwa app, chagua kipindi chote kuanzia depositi mpaka siku ya kusafiri, itakuja kwa imeli ikiwa PDF iliyofungwa na code ya kuifungua inatumwa kwa simu yako. Ukiona mambo yanaelekea kortini, pitia duka la Safaricom na kitambulisho uombe iliyopigwa muhuri. Ukishaifungua usiangalie kiasi cha pesa peke yake, angalia ile safu ya maelezo. Hapo utaona namba ya Paybill (ile ya kulipia kampuni kwa M-Pesa), jina la kampuni, halafu Acc. na kile uliandika kwa sehemu ya akaunti wakati wa kulipa. Shida nyingi za aina hii zinajificha hapo kwa Acc.

Kwangu, malipo ya kwanza yalionyesha Acc. ni namba ya buking. Yaliyofuata yalionyesha Acc. DIANI, kwa sababu ejenti wao alinitumia WhatsApp akaniambia "andika tu Diani dada, itaonekana." Ujumbe bado ninao. Sistem yao inatafuta namba ya buking, ikikosa inaweka hiyo pesa kando pamoja na malipo mengine yasiyojulikana ni ya nani, na mpaka mhasibu akae chini ayapange moja moja, yanabaki hapo. So pesa iko benki kwao na jina lako bado linasoma deni. Ejenti akiacha kazi ndio basi, hakuna mwingine anayejua Diani ilikuwa ya nani.

Kuna pia kampuni zinazotumia Paybill ya benki, kama 247247 ya Equity, 522522 ya KCB ama 400200 ya Co-op. Hapo kwa kawaida sehemu ya akaunti unaandika akaunti ya kampuni yenyewe, kwa hivyo buking yako haionekani popote, na siku hizi M-Pesa inamfichia mfanyabiashara sehemu ya namba ya mteja. Kinachokuunganisha na pesa yako ni ile code ya malipo kwa meseji ya M-Pesa, ya herufi na tarakimu 10. Kama ulituma kwa namba ya ejenti binafsi hiyo ni ngumu zaidi, kampuni itasema haikuona kitu, na utahitaji ujumbe unaoonyesha ni mtu wao alikuelekeza utume huko akiwa kazini, na kama anakataa kabisa au hapatikani nenda polisi uripoti upewe OB namba, ile ya kitabu chao cha ripoti.

Tengeneza jedwali dogo: tarehe, code, kiasi, namba ya Paybill, ulichoandika kwa akaunti. Chini yake weka jumla, na kando ya jumla weka bei iliyo kwa invoisi. Code uzikopi moja kwa moja kutoka kwa meseji, usiziandike kwa mkono, O na 0 zinachanganya watu na ukikosea herufi moja watakurudishia barua yote wakisema haipatikani.

Ongeza masharti ya buking. Kampuni nyingi zimeandika kabisa kwamba balansi lazima iishe kabla ya safari na vocha ya hoteli haitoki kabla hujamaliza. Kama vocha walikupa, ukalala hotelini kwa hiyo vocha na tiketi za treni wakakukatia, basi wao wenyewe kwa masharti yao walishakubali kwamba umemaliza. Hiyo hoja iweke kwa maandishi, ilinisaidia sana.

Barua ndiyo hatua ya kuipa nguvu zako zote. Iandikie idara ya akaunti, si mauzo, na nakala kwa mkurugenzi. Kama hujui jina kamili la kampuni, lile la bango na lile lililosajiliwa mara nyingi si moja, omba CR12, hati ya usajili wa kampuni, kupitia eCitizen upande wa usajili wa biashara, itakuonyesha jina halisi na wakurugenzi. Yangu ilikuwa hivi, unaweza kuibadilisha:

"Napinga deni la KSh ... mnalonidai kwa buking namba ... Nililipa jumla ya KSh ... kabla ya tarehe ya safari, kama jedwali linavyoonyesha. Naomba mtafute kila code kwenye stetimenti yenu ya Paybill na mnijibu kwa kila moja: mliipokea au hamkuipokea, na kama mliipokea mliiweka kwa akaunti ya nani. Naomba pia hesabu yote ya buking yangu tangu mwanzo. Kwa sababu deni linapingwa, simamisheni simu na meseji za kudai mpaka mnijibu kwa maandishi. Natarajia jibu ndani ya siku 14."

Hayo maneno ya "kila code" usiyatoe. Ukiwaambia "nililipa" wanakujibu "sistem inaonyesha hujalipa" na mnazunguka hapo mwaka mzima. Ukiwauliza kama code fulani iko kwa stetimenti yao ama haiko, lazima mtu afungue stetimenti, na akishaifungua ukweli uko mbele yake.

Tuma kwa imeli halafu upeleke pia nakala mbili ofisini, moja wabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe. Pale mapokezi niliambiwa mhasibu haonani na wateja. Kaa. Sema kwa upole kwamba unasubiri muhuri, na kama mhasibu ana dakika mbili una code za kumwonyesha. Mwishowe akatoka, kijana mpole tu, akanipeleka kwa meza yake, akafungua stetimenti ya Paybill kwa Excel, akabandika code yangu kwa sehemu ya kutafuta na mstari ukajitokeza: jina langu, kiasi, saa na dakika, na pembeni kwa safu ya buking hakuna kitu, nyeupe. Akabandika ya pili, hivyo hivyo. Akaniangalia akasema, "Kumbe ni zako, pole sana mum." Kazi yenyewe ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na kwa kukosa hiyo kazi ndogo mama yangu alikuwa anapigiwa simu za vitisho kwa sababu tu namba yake ilikuwa kwa fomu ya buking.

Hilo la kupigia ndugu zako lina sheria yake. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 una haki ya kudai taarifa za uongo kukuhusu zirekebishwe au zifutwe, na deni ambalo halipo ni taarifa ya uongo. Andikia kampuni kwanza, wakipuuza peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iko Britam Tower kule Upper Hill lakini yote unafanya mtandaoni, hulipi kitu, na sheria inawapa siku 90 kumaliza uchunguzi. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya KSh 2,975,000 kwa kuchukua namba za watu na kuwatumia meseji za vitisho, so wakikuambia haina meno usiwasikize.

Vitisho vingine. "Tutakupeleka CRB", yaani bureau zinazoweka rekodi za wanaodaiwa: kila mwaka una haki ya ripoti moja ya bure kutoka kwa bureau, ziko Metropol, TransUnion na Creditinfo, omba uone mwenyewe kama kuna kitu, na kama kipo peleka pingamizi kwa bureau yenyewe pamoja na jedwali lako. "Auctioneer anakuja kwako": kwa deni kama hili ambalo hukuweka chochote dhamana, hakuna anayekuja kubeba makochi yako bila amri ya korti, na amri haitoki kabla ya kesi. Ukipata barua ya wakili, hiyo usiipuuze. Angalia jina lake kwa orodha ya mawakili kwenye tovuti ya LSK, chama cha mawakili, kisha mjibu yeye mwenyewe, ambatanisha jedwali, stetimenti na ile barua yenye muhuri. Mara nyingi anakuwa ameongezea deni ada ya kuandika barua, na hiyo pia unaikataa kwa maandishi, maana kama deni halipo ada yake inatoka wapi.

Siku 14 zikiisha na wako kimya, peleka malalamiko sehemu mbili. Moja ni Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, pale Utalii House, hao ndio wanatoa leseni kwa kampuni za safari chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, na kampuni inayofikiria leseni ya mwaka ujao husoma barua yao haraka kuliko yako. Nyingine ni Mamlaka ya Ushindani, CAK, ambayo inashughulikia pia wateja wanaodanganywa. Taja Ibara ya 46 ya Katiba na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, lakini usijaze ukurasa na vifungu, jedwali la code ndilo watasoma kwanza. Kama kampuni ni mwanachama wa KATO au KATA, vyama vya kampuni za safari na maejenti wa usafiri, watumie nakala pia, nembo huwa chini ya tovuti yao, ila hakikisha kwa orodha ya chama manake kuna wanaobandika nembo tu.

Korti ya Madai Madogo pale Milimani ni ya mwisho. Inashughulikia madai yasiyozidi KSh 1,000,000, sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, unaweza kujisimamia bila wakili, na haibanwi sana na kanuni kali za ushahidi, kwa hivyo stetimenti na ujumbe wa WhatsApp zinapata nafasi. Kama walikutisha ukalipa mara ya pili, hapo ndipo mahali pa kudai pesa yako irudi, unafungua kesi mtandaoni kwa mfumo wa e-filing wa mahakama, na ukishindwa na kompyuta kuna saiba nyingi zinajua kuifanya. Kama ni wao wamekushtaki, jibu ndani ya muda ulioandikwa kwa karatasi ulizopewa hata kama unajua kabisa hudaiwi, kwa sababu usipojibu wanaweza kupewa hukumu bila wewe kusikilizwa.

Wakikubali makosa, usiridhike na "imesortiwa" ya simu. Mimi baada ya kuambiwa hivyo meseji ya balansi ilikuja tena, kwa sababu mhasibu alirekebisha buking lakini orodha iliyoenda kwa wakusanya madeni haikuguswa. Dai barua yenye kichwa cha kampuni, jina lako, namba ya buking, maneno kwamba balansi ni sifuri na kwamba wakusanya madeni wameambiwa hivyo, sahihi na muhuri. Dai pia risiti ya eTIMS, ile ya mfumo wa kodi wa KRA, kama hawakukupa. Barua hiyo itume wewe mwenyewe kwa wakusanya madeni na kwa yule wakili. Halafu uihifadhi kwa imeli pamoja na stetimenti, si kwa simu peke yake, angalau miaka 6, kwa sababu huo ndio muda ambao mtu anaweza kufungua kesi ya mkataba.