SOMO: Kuwapeleka wanafunzi wa shahada ya kwanza fildi ya mimea na viumbe (Ziwa Duluti, Tengeru)

Muhula ukianza tu meseji zinamiminika: "Dokta, tunaomba utaratibu wa fildi yako." Nauweka hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia linki.

1. Kibali. Msitu wa Duluti uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), barua ya chuo ifike mapema. Mkienda Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hao ni TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), barua nyingine.

2. Tangulia mwenyewe. Ujue siafu wamekatiza wapi na mkuyu upi umezaa.

3. Vifaa. Daftari lenye jalada gumu, penseli (wino ukipata manyunyu unachuruzika), suruali ndefu, viatu vya kufunika. Darubini moja kwa watu watano inatosha.

4. Ondokeni alfajiri. Ndege hawasubiri mtu amalize chai.

5. Usitaje jina la kitu chochote mpaka wamekitazama. Hapa ndipo nilipochemka. Nilikuwa natangulia na kidole juu: huu *Cordia africana*, mringaringa, ule *Rauvolfia caffra*, msesewe, foleni ya vijana nyuma inaandika. Madaftari yakajaa. Tuliporudi darasani nikaweka mezani matawi mawili bila maandishi, hakuna aliyejua lipi ni lipi. Wachaga kati yao walijua fika kwamba magome ya msesewe yanatiwa kwenye mbege, pombe yao ya ndizi, ila jani lake lilikuwa geni kwao. Na tofauti haijifichi: majani ya msesewe yanazunguka kifundo kimoja, matatu au zaidi, na ukilikata jani linatoa utomvu mweupe. Ya mringaringa ni mapana, yanapishana moja moja kwenye tawi.

Siku hizi kila mmoja anachagua mmea wake, anakaa nao dakika ishirini, anachora jani kwa ukubwa wake halisi na kuandika maswali matatu. Jina linakuja mwisho. Angalizo:
- Asiyejua kuchora achore hivyohivyo. Hatufundishi sanaa.
- Mjuaji hakosekani. Akitamka jina, muulize "umejuaje?" kisha nyamaza.
- Programu za simu za kutambua mimea zifunguliwe mkishapanda kosta kurudi.
- Kimya kitakusumbua wewe kuliko wao. Usikijaze kwa mhadhara.

6. Pasueni kuyu. Chukua linaloanza kulainika lakini halijatobolewa tundu la kutokea nyigu. Ndani kuna nyigu wa milimita mbili hivi. Wenye mabawa ni majike. Wasio na mabawa ni madume: wanapanda majike, wanatoboa njia ya kutokea, wanakufa bila kwenda popote. Jike anaondoka na chavua kutafuta kuyu changa, na anapojipenyeza kwenye kitundu chake mabawa yanang'oka. Wape vioo vya kukuzia, wayatafute hayo mabawa. Kipindi kizima kitaishia hapo, usiwaharakishe.

7. Waandike palepale, si usiku hosteli. Tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, walichoona. Joseph Grinnell, mkurugenzi wa kwanza wa makumbusho ya wanyama ya Berkeley, California, iliyoanzishwa 1908, aliwabana watu wake hivyohivyo. Karne moja baadaye wenzao walirudi na madaftari yale hifadhi ya Yosemite, hukohuko California, wakaona wanyama gani wamehamia miinuko ya juu zaidi.

---

Kijana_wa_Usa: Dokta, naomba PDF ya majina ya miti yote ya Duluti, vijana waje wameshayakariri.

Mwandishi: Soma hatua ya 5.

Kijana_wa_Usa: Nimesoma. Ila mtaala unataka spishi 60, hizo dakika ishirini utazitoa wapi?

Mwandishi: Nazitoa kwenye mhadhara wangu. Mtaala haukusema wewe ndiye uzitaje zote 60. Wakishajua kutazama kumi, nyingine watazitafuta wenyewe.

Mwl_Bailojia: Kiingilio sh ngapi mkuu?

Mwandishi: Uliza ofisini kwao. Bei hubadilika, sitaki lawama.

Binti_Kibosho: Shikamoo Dokta. Tulipasua makuyu kando ya mto Karanga, tukakuta nyigu wenye mabawa wa aina mbili. Mmoja ana uzi mrefu nyuma. Ndiye dume?

Mwandishi: Marahaba binti. Mmetazama vizuri. Wote ni majike. Uzi ule ni mrija wa kutagia. Huyo haingii ndani: anasimama nje, anatoboa ukuta wa kuyu na kutaga, chavua hana. Mchavushaji wa mkuyu, *Ficus sycomorus*, ni *Ceratosolen arabicus*. Yupo na ndugu yake, *C. galili*, anayeingia kwa mlango uleule, anataga, ila hachavushi. Chukueni makuyu kumi ya mti mmoja, mhesabu kila aina. Hiyo ni mada tosha ya utafiti wa mwaka wa tatu. Na swali la kuwaachia wenzako: Misri ya kale walikuwa na mkuyu bila mchavushaji wake, wakawa wanalichanja tunda kwa kisu ili liive. Kwa nini jeraha liivishe tunda?

Binti_Kibosho: Gesi ya ethilini?

Mwandishi: Ndiyo hiyo. Sasa buni jaribio la kuionyesha.

Dereva_Kosta: Mimi si msomi, ila nawapeleka sana. Waambieni wachomeke suruali ndani ya soksi. Siafu akishapanda, heshima yote inaisha mbele ya wanafunzi.

Mwandishi: Kaka umenena. Naiongeza hatua ya 3.

Fundi_Lenzi: Wasio na kioo cha kukuzia wageuze darubini. Jicho liwe upande mpana, kitu kikae karibu kabisa na lenzi ndogo.

Mwl_Bailojia: Karibu kiasi gani?

Fundi_Lenzi: Sentimita mbili tatu. Sogeza kidogokidogo mpaka kitulie.

Mwandishi: Nimejaribu sasa hivi kwa mguu wa mende aliyekufa hapa ofisini. Miiba yote inahesabika. Asante fundi.