Namna ya Kuchonga na Kuchapa Kibonzo cha Dhihaka kwa Ubao

Mwongozo huu ni kwa vikundi vya sanaa, walimu na wachongaji wa Mtwara na Lindi wanaotaka kutengeneza kibonzo cha dhihaka kwa njia iliyokuwapo kabla ya kamera na kompyuta, ambapo picha huchongwa kwenye ubao, hupakwa wino, kisha huchapwa kwenye karatasi nakala baada ya nakala. Wachoraji wa Ulaya waliowakejeli wafalme, mapapa na mawaziri walikuwa na njia tatu kubwa. Ubao ndio uliotangulia, na katika karne ya 16 Lucas Cranach wa Wittenberg aliutumia kumkejeli Papa kwa niaba ya kambi ya Martin Luther. Baadaye likaja bamba la shaba linaloliwa na tindikali, ambalo James Gillray alilimudu kuliko wenzake mjini London mwishoni mwa karne ya 18. Mwisho likaja jiwe la chokaa, ufundi uliobuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mnamo 1796, ambao Honoré Daumier aliutumia Paris kutoa picha zipatazo 4,000. Shaba inadai tindikali na mtambo mzito wa kubana, na jiwe linadai aina maalumu ya chokaa iliyochimbwa Solnhofen, Ujerumani. Ubao unadai patasi kali na subira, na mikoa hii haijawahi kupungukiwa na watu wenye vyote viwili.

Aliyewahi kutazama ngoma ya mapiko, yaani ngoma ya Wamakonde ya wachezaji waliovaa vinyago, anajua tayari sehemu kubwa ya kazi hii. Mchongaji wa Kimakonde anapotengeneza sura ya mgeni au ya mtu mwenye makuu, hachongi kila kitu kama kilivyo. Huchagua pua, masharubu au kofia, akavikuza, na vingine akavipunguza, na watazamaji hucheka kabla mchezaji hajapiga hatua ya pili. Kibonzo cha karatasi kinafuata kanuni hiyohiyo, isipokuwa kwamba hakina ngoma wala mchezaji wa kukisaidia, hivyo kila kinachotakiwa kueleweka lazima kiwemo ndani ya mchoro.

Anza na tendo, si na sura. Kosa la wanaoanza ni kuchagua mtu wanayemchukia, wakamchora kwa ubaya, wakadhani wamemaliza. Tazama jinsi Gillray alivyofanya mwaka 1805. Waziri Mkuu wa Uingereza, William Pitt, na Napoleon wa Ufaransa wameketi mezani wakigawana kitindamlo ambacho ni dunia nzima. Pitt, mrefu na mwembamba, anajikatia bahari kwa utulivu, akiwa amechoma uma wenye meno matatu. Napoleon, mdogo hadi anainuka kitini ili afikie sahani, anaikata Ulaya kwa upanga. Mtu ambaye hajawahi kusikia habari za mabwana hao wawili bado anaona kwamba watu wawili wanakula kisicho chao. Dhihaka yote imebebwa na kitendo cha kukata, na sura zimeletwa kukitumikia. Napoleon halisi hakuwa mfupi kwa kipimo cha wanaume wa zama zake, lakini wachoraji wa London walimfupisha mara nyingi hivi kwamba watu wengi hadi leo wanaamini alikuwa kibete, na hilo linatosha kuonyesha nguvu, na pia hatari, ya chombo unachokishika.

Kwa mfano wa kufanyia kazi hapa, tuchukue mnunuzi wa kangomba, yule anayemfuata mkulima nyumbani kabla ya msimu kufunguliwa, akamkopesha fedha kidogo wakati wa shida, kisha akarudi kuchukua korosho kwa bei na kipimo chake mwenyewe. Jiulize ni tendo gani linalombeba mtu huyu. Mimi ningechagua mkono juu ya mizani. Mchore mkulima akiwa ameketi juu ya gunia, mdogo, magoti yamekaribia kidevu. Mchore mnunuzi wa ukubwa wa kawaida, shati limepigwa pasi, uso wa upole, hata wa huruma. Kisha mpe kiganja kikubwa kuliko kifua chake, kimelala juu ya mizani kiasi kwamba korosho zinaonekana zikichungulia katikati ya vidole tu. Usimpe meno ya fisi wala pembe. Upole wa uso ndio unaoufanya mkono uchukize, na ukimfanya jini msomaji hatamfananisha na mtu yeyote anayemjua.

Kukuza kitu kimoja tu ni sharti ambalo mabingwa walilishika hata walipoonekana kulegeza. Mwaka 1871 Thomas Nast wa New York alimchora William Tweed, kigogo wa siasa za mji huo, akiwa na mwili wake mnene wa kila siku, lakini mahali pa kichwa akaweka mfuko wa fedha wenye alama ya dola. Suti, tumbo na mikono iliyotiwa mifukoni vilibaki vya kawaida, kwa hiyo jicho halikuwa na pa kukimbilia. Nchini Ufaransa, Charles Philipon alimgeuza mfalme Louis-Philippe kuwa peasi. Aliposhtakiwa Novemba 1831, alichora mbele ya mahakama hatua nne ambazo uso wa mfalme unapitia hadi kuwa tunda, akauliza kama kila peasi nchini inapaswa kushtakiwa. Alihukumiwa hata hivyo, lakini peasi zikaanza kuchorwa kwenye kuta za Paris. Daumier naye alifungwa miezi sita kwa picha ya mwaka huohuo iliyomwonyesha mfalme kama jitu linalomeza kodi za wananchi.

Kwa sababu hiyo, napendekeza kikundi kinachoanza kichore tabia badala ya mtu mwenye jina. Si kwa woga tu, ingawa nchini petu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 zinastahili kusomwa na yeyote anayekusudia kusambaza picha yake. Sababu kubwa zaidi ni ya kiufundi: kufananisha uso wa mtu halisi kwa patasi ni kazi ngumu, na kibonzo cha mtu ambaye watu hawamtambui kimekufa hata kabla ya kupakwa wino.

Sasa ubao. Kwa zoezi la kwanza, kipande cha ukubwa wa karatasi ya A4 chenye unene wa sentimita mbili kinatosha. Chagua mbao iliyokauka vizuri, isiyo na vifundo, yenye nyuzi zilizobanana; ijaribu pembeni kwa ncha ya patasi, na kama inameguka vipande badala ya kutoa unyoya safi, iache. Ubao wa MDF wa dukani, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa, hauna nyuzi za kukupinga, kwa hiyo ni mzuri kwa wanafunzi, ila mistari myembamba hukatika upesi, na vumbi lake linataka barakoa. Mpingo ni habari nyingine. Wachongaji wa mbao wa karne ya 19, wakifuata njia iliyoenezwa na Mwingereza Thomas Bewick, hawakuchonga kwenye ubavu wa ubao bali kwenye uso uliokatwa kukingama gogo, ambako nyuzi husimama wima na mstari unaweza kuelekea upande wowote bila kupasuka. Walitumia mti mgumu mdogo uitwao boksi, na kwa kuwa vipande vyake ni vidogo, picha kubwa za magazeti kama zile za Nast zilichongwa kwenye vipande kadhaa vilivyounganishwa. Mabaki ya mpingo yanayotupwa kwenye vibanda vya wachongaji yana ugumu na wembamba wa nyuzi unaofaa kazi hiyo, mradi ukubali kunoa patasi kila baada ya muda mfupi. Usianze nao, uwekee akiba kwa picha ndogo ya mkono mmoja au uso mmoja.

Sugua ubao kwa msasa hadi kiganja kisihisi mkwaruzo, kisha upake wino mweusi uliozimuliwa kwa maji, upate rangi ya kijivu. Kila utakapochonga, mbao itaonekana nyeupe, nawe utajua umefika wapi. Chora kibonzo chako kwenye karatasi nyembamba kwa penseli laini, igeuze mchoro uangalie chini, uibandike kwa gundi ya karatasi pembeni, na uisugue mgongoni kwa kijiko hadi mchoro uhamie kwenye ubao. Hatua hii ya kugeuza haiepukiki, kwa sababu chapa hutoa kila kitu kinyume. Katika picha nyingi za zamani utakuta watu wanaandika au kushika panga kwa mkono wa kushoto, si kwa kuwa walikuwa wa mashoto, bali kwa kuwa mchongaji hakujisumbua kuugeuza mchoro. Mkono unaweza kusamehewa, herufi haziwezi. Kabla ya kuchonga, weka kioo mbele ya ubao na usome maneno yako humo.

Katika kuchonga, unachokiondoa ni weupe, na unachokiacha ndicho kitakachochapwa. Anza na mistari ya uso na vidole, kwa kisu chembamba au patasi ya ncha ya V, ukikata upande mmoja wa mstari kisha mwingine, huku ukikilaza kisu ili mstari uwe mpana chini kuliko juu kama msingi wa ukuta; mstari uliochimbwa kwa ndani chini yake utameguka ukibanwa. Ubao na uzuiwe na kigingi kilichopigiliwa mezani, na mkono usioshika patasi ubaki nyuma ya makali wakati wote. Maeneo makubwa ya weupe yachimbwe kwa patasi yenye mdomo wa nusu duara, kina cha milimita tatu hadi tano, la sivyo yatanasa wino. Usijaribu kuiga vivuli vya mistari iliyopishana unavyoviona kwenye picha za shaba, kwani kwenye shaba kila mstari ni mkwaruzo mmoja wa sindano, ilhali kwenye ubao ni lazima uchimbe kila tundu lililo katikati ya mistari hiyo. Kivuli cha ubao ni weusi mtupu au mistari michache sambamba. Kiganja cha mnunuzi wetu kinapendeza kikiwa cheusi chote, na mikunjo ya viungo vya vidole ikichongwa kwa mistari myeupe.

Wino unaofaa ni wino mzito wa mafuta wa kuchapia. Weka kiasi cha kijiko kidogo juu ya kioo au kigae, uupitishie rola huku na huku mpaka utandae kwa wembamba na uanze kutoa sauti laini ya kunata; ukiona vilima na mabonde juu ya rola, wino umezidi. Asiye na rola afanye kama wachapaji wa zamani, ajaze pamba kwenye kipande cha ngozi laini, aifunge, na apigepige ubao kwa kitu hicho. Laza karatasi nyembamba juu ya ubao bila kuiburuta, kisha sugua mgongo wake kwa mduara kutoka katikati kwenda pembeni. Mgongo wa upawa wa kifuu uliolainishwa kwa msasa unafanya kazi hii vizuri kuliko vijiko vingi vya dukani. Inua pembe moja, chungulia, na kama weusi umepauka rudisha pembe hiyo na usugue tena.

Nakala ya kwanza ni ya majaribio, na haina budi kuonyeshwa kwa mtu ambaye hakuhusika na kazi, ikiwezekana mkulima wa korosho mwenyewe. Usimweleze kitu. Akiuliza huyu ni nani na anafanya nini, rudi kwenye ubao. Akicheka kwanza kisha akaanza kusimulia kisa chake, endelea kuchapa. Maneno ya chini nayo yajaribiwe hapohapo. Gillray alijaza picha zake maandishi hadi nyingine zinahitaji nusu saa kusomwa, na kwa maoni yangu huo ndio udhaifu wake. Jina la kanga ni mwalimu bora zaidi, kwa kuwa linasemwa na mhusika mmoja, halielezi picha, na linamwachia msomaji kazi ya kujua linamlenga nani. Chini ya picha yetu mkulima aseme tu: «Na mkono, una kilo ngapi?»

Ukitaka rangi, subiri wino ukauke kabisa, jambo ambalo katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, huchukua siku nyingi kwa sababu ya unyevu wa pwani. Tundika nakala kwenye kamba kwa vibanio, zisigusane. Rangi za maji hupakwa juu kwa brashi, moja baada ya nyingine, kama walivyofanya wapaka rangi walioajiriwa na maduka ya London, likiwemo la Hannah Humphrey aliyeuza kazi za Gillray katika mtaa wa St James's. Rangi mbili zinatosha: ya udongo kwa gunia, na nyekundu kidogo kwa mizani.

Saini kila nakala kwa penseli na uiandikie namba. Kisha safisha ubao kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, wala usiuoshe kwa maji, kwani utapinda. Mchoraji wa Hispania Francisco Goya, aliyetoa bamba zake 80 za kejeli mwaka 1799 na kuziondoa sokoni muda mfupi baadaye, alizikabidhi kwa mfalme wa Hispania mwaka 1803, na zilichapwa upya miaka mingi baada ya kifo chake. Kwa hiyo andika nyuma ya ubao wako jina, mwaka na idadi ya nakala zilizotolewa, uufunge kwa kitambaa kikavu, na uuweke juu ya rafu mbali na sakafu, mahali ambapo mchwa hawafiki.