Fokasi stakingi kwa wanaoanza makro: picha safi toka jichoni mpaka ncha ya bawa

Kama umeshawahi kupiga nzi kwa lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana) ukakuta jicho limetoka safi ila miguu na mabawa ni ukungu mtupu, usiilaumu lenzi, makro ndo ilivyo. Ukisogea mpaka 1:1, yaani kitu cha milimita 10 kinakaa milimita 10 zilezile kwenye sensa (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera), kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linalotoka kali, kinakuwa chembamba mno. Kamera ya fremu kamili (sensa ya milimita 36 kwa 24) ikiwa f/5.6 hapo unapata kama milimita 0.67 tu. Mguu mmoja wa nzi hautoshi humo.

Wengi wakiona hivyo wanabana apecha, yaani tundu la mwanga kwenye lenzi, mpaka f/16 au f/22 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Kweli kina kinaongezeka, f/16 inakupa karibu milimita 1.9, ila nzi wa milimita 6 bado hajaenea, halafu kuna kingine: kwenye 1:1 f/16 inafanya kazi kama f/32, mwanga ukipita kwenye katundu kadogo hivyo unatawanyika na picha nzima inalainika, hata pale ulipoweka fokasi (ukitumia Nikon na lenzi yake ya makro utaona kamera inabadilisha namba ya apecha kadiri unavyosogea karibu, ndo hii hesabu inakuonyesha). Stakingi inakwepa yote hayo. Unapiga picha nyingi kwa apecha ambayo lenzi yako inatoa vizuri, kila picha fokasi imesogea kidogo, baadaye programu inachukua sehemu kali ya kila moja na kuziunga.

Sasa shikeni hili moja kabla ya mengine: programu haitengenezi ukali ambao hukuupiga. Ukiruka sehemu, kwenye picha ya mwisho utaona mstari wa ukungu katikati ya vitu vikali, na hakuna batani ya kuuondoa.

Hatua ya 1: chagua kitu kisichotembea

Anza na sarafu uliyoilaza kwa mshazari, ua lililokauka, au mdudu aliyekufa tayari. Ua bichi linaonekana tulivu ila linasogea, petali zinanyauka na kujikunja taratibu chini ya taa ya moto, wewe unakuja kugundua kwenye kompyuta. Sarafu ndo mwalimu mzuri kuliko vyote maana maandishi yake yanakuonyesha wazi wapi umeruka.

Hatua ya 2: kaza kila kitu

Tripodi, na siyo kuiweka kwenye meza ileile unayoegemea. Zima feni, funga dirisha. Kama tripodi iko imara zima na kitulizaji cha mtikisiko (stabilizer), kwenye kamera nyingine kinahamisha picha kidogo kati ya fremu na fremu. Tumia taima ya sekunde 2 au rimoti, usibonyeze shata (batani ya kupigia) kwa kidole. Shata ya kielektroniki ni nzuri kwa sababu haitikisi chochote, ila kamera nyingi haziwashi flashi ukiwa nayo, kwa hiyo amua mapema, ni taa za kuwaka muda wote au flashi na shata ya kawaida. Mwanga wowote utakaochagua ulainishe, weka karatasi nyeupe au plastiki ya maziwa mbele yake, migongo ya wadudu inang'aa vibaya.

Hatua ya 3: seti kwa mkono, zote

Moodi ya M (unaamua kila kitu mwenyewe), ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, 100 au 200, spidi ya shata isiyobadilika, waiti balansi (mizani ya rangi) usiiache kwenye auto. Ukiacha kitu kimoja kiamue chenyewe, picha ya saba itatofautiana mwanga na ya nane na muungano utatoka na mabaka. Apecha weka f/5.6, ukitaka f/8 sawa. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata.

Hatua ya 4: kusogeza fokasi

Hapa ndo pa kukaa. Kuna njia tatu. Kwanza kamera yenyewe, modeli nyingi za miaka ya karibuni zina hii kazi, Nikon wanaiita Focus Shift, Canon na Olympus (siku hizi OM System) wanaiita Focus Bracketing, unaiambia ianzie wapi, hatua kubwa kiasi gani na picha ngapi, inamaliza yenyewe. Njia ya pili ni kuzungusha ringi ya fokasi kwa mkono, inafaa mpaka kwenye 1:1 ukiwa na mkono mwepesi. Ya tatu ni reli, kamera inakaa juu yake unaisogeza mbele kwa skrubu, na ukipita 1:1 reli inakuwa ndo mpango mzima kwa sababu ringi ukiigusa tu umeshapitiliza.

Hatua iwe ndogo kuliko kina cha fokasi ili picha mbili zinazofuatana zipandiane kidogo. Tuseme kina ni milimita 0.67, wewe sogeza 0.4. Mdudu wa milimita 6 gawa kwa 0.4, picha 15. Ongeza mbili mbele na mbili nyuma, hazina hasara. Na kamera ikikuuliza saizi ya hatua kwa namba 1 mpaka 10, hizo namba siyo milimita, kila kampuni ina zake, jaribu kwenye sarafu ujue yako inasogea kiasi gani.

Anzia sehemu iliyo karibu zaidi na lenzi uende nyuma, usirudi katikati ya safari. Skrubu za bei rahisi zina mchezo, ukibadilisha uelekeo inazunguka kwanza bila kusogeza kitu.

Hatua ya 5: kuunga

Photoshop inaweza: fungua picha zote kama leya kwenye faili moja, zichague zote, Auto-Align Layers, halafu Auto-Blend Layers ukichagua Stack Images. Usiruke hiyo Auto-Align ya kupanga picha, maana fokasi ikisogea ukubwa wa kitu nao unabadilika kidogo. Picha 15 inazimudu, ukifika mia utaenda kulala uiache inahangaika. Kazi nzito wapelekee Helicon Focus au Zerene Stacker, programu za stakingi tu. Zerene ina njia mbili, PMax inashika manywele na miguu inayopishana vizuri sana ila inaongeza nukunuku (chenga chenga kwenye picha) na kontrasti, DMap inatunza rangi na sehemu laini ila kwenye manywele inachemka. Mimi naendesha zote mbili, nachukua DMap kama msingi, halafu manywele nayapaka kwa brashi kutoka PMax. Kama hutaki kulipa kuna Hugin, inakuja na align_image_stack na enfuse, ila ujue utaandika komandi.

Hatua ya 6: kusafisha

Kuza mpaka asilimia 100 uzunguke kingo zote. Pale papasi (antena ya mdudu) au mguu unapopita mbele ya mwili utakuta kivuli cheupe kimeuzunguka, fungua picha ya asili ambayo sehemu ile iko safi, paka juu yake. Vumbi kwenye sensa nalo linajirudia kama mkia wa nukta nukta, kwa hiyo safisha sensa kabla ya kupiga, ni rahisi kuliko kufuta nukta moja moja. Hifadhi TIFF ya biti 16 (faili linalotunza rangi bila kuzibana) ndo uanze mambo ya rangi.

Sarafu ikishatoka bila mstari wa ukungu, hamia kwa wadudu hai. Watafute alfajiri kukiwa bado na ubaridi, muda huo wengi wamenata kwenye majani hawajapata nguvu ya kuruka. Hapo punguza idadi ya picha na uongeze spidi, kwa sababu upepo hautakusubiri umalize fremu zako zote.