Baba yuko gereza la Maweni, Tanga: namna ya kumwambia mtoto na kumpeleka kumwona

Usimwambie mtoto kwamba baba amekwenda Mombasa kutafuta maisha. Tanga habari hizi hazifichiki: atazisikia chuoni (madrasa) au bombani kwa mwenzake, na kuanzia hapo hata ukimwambia kweli hatakuamini.

Mwambie alasiri, akishakula, nawe umetulia. Usichague usiku wa kulala wala asubuhi ya kwenda shule. Maneno yawe machache: "Baba yuko gereza la Maweni. Hakimu amesema amevunja sheria, basi atakaa huko. Wewe hukukosa kitu." Kama bado ni mahabusu, sema kesi haijaisha. Hilo la "hukukosa kitu" lirudie kila mara, maana watoto wadogo hudhani mzazi ameondoka kwa utundu wao: jana alivunja bilauri, leo askari wakaja. Hakwambii, utaona anakojoa kitandani au analalamika tumbo kila asubuhi. Usimchape. Yakizidi wiki kadhaa, muone afisa ustawi wa jamii wa kata, au piga 116, simu ya bure ya watoto.

Akiuliza baba atarudi lini, usitaje tarehe. Rufaa au msamaha hubadilisha siku, na mtoto huihesabu kwa vidole. Sema "ukiwa darasa la nne au la tano".

Kabla ya kumpeleka, nenda kwanza peke yako ukaulize getini siku za kuonana, vitambulisho vinavyotakiwa, kama watoto wanaruhusiwa, na vitu gani vinapokelewa. Wengi huruka hatua hii, kisha mtoto anarudishwa na kifurushi chake mkononi, na safari ya pili anaikataa. Beba kitambulisho chako na cheti chake cha kuzaliwa.

Usiku wa kuamkia safari mweleze atakayoyaona: askari atampapasa mifukoni, simu itabaki nje, baba huenda amenyolewa na amevaa sare, huenda wasiweze kukumbatiana, na muda ni mfupi. Mtoto akikutana na kipara cha babake ghafla hujificha nyuma ya kanga yako, na dakika zote zinaishia hapo. Mpe mambo matatu ya kusema: alama za hesabu, jino lililong'oka, paka amezaa. Madeni na kesi zungumzeni siku nyingine, mtoto akiwa hayupo.

Mkirudi atakuwa kimya au mkali. Mpe chakula, muache acheze, usimhoji.

Asiyetaka kwenda asilazimishwe. Achore picha, wewe uandike maneno yake chini kama alivyoyasema. Mkumbushe tu kwamba askari huzisoma barua.

Shuleni mwambie mwalimu mmoja unayemwamini, si ofisi nzima. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne imefutwa tangu 2016, kwa hiyo kifungo cha baba kisimtoe darasani. Kinachopungua ni sare na madaftari, na hayo yaombe kwa ndugu mapema, kabla shule hazijafunguliwa.